Kempa, Silikoni na Fundi wa Nungwi

Ukinunua kempa kuukuu hapa Uingereza, yaani gari lenye kitanda, jiko na sinki humo humo ndani, umenunua pia ufundi wa kila aliyewahi kuimiliki. Yetu imepita mikononi mwa watu kadhaa, na mmoja wao, Mungu amsamehe, alikuwa na bunduki ya silikoni na hofu ya mvua. Pembe za bodi, kingo za dirisha la paa, taa za nyuma, hata vichwa vya skrubu, kote amepaka silikoni nyeupe ambayo sasa imekuwa ya kijivu, tabaka juu ya tabaka. Na ndani, juu ya kitanda, kuna doa la kahawia linalotanuka kila mvua ikinyesha.

Bodi ya kempa za zamani kama hii ni fremu ya mbao iliyovishwa alumini. Pale mabati mawili yanapokutana pembeni, kiwandani huwekwa utepe wa mastiki laini, juu yake reli ya alumini, kisha skrubu. Miaka ikipita mastiki hukauka na kusinyaa. Dawa yake inajulikana: fungua reli, kwangua, weka utepe mpya, funga. Lakini hiyo ni kazi ya kutoa jasho, na kupiga silikoni kwa nje humalizika kabla chai haijapoa. Gari likishaingia barabarani bodi inanesa. Alumini inatanuka juani na kujikunyata usiku. Ukingo wa silikoni unabanduka mahali pembamba ambapo jicho halioni, maji yanapenya, na yakishapenya hayana pa kutokea. Tulipofungua reli ya nyuma, mti wa fremu ulikatika kwa kidole kama mkate uliochovywa chai.

Silikoni ina tabia mbili zilizoifanya ipendwe bafuni. Jua, baridi na sabuni haviifanyi kitu, kwani uti wake umejengwa kwa elementi zile zile zilizomo katika mchanga na kioo. Tena hakuna kinachoganda juu yake. Hiyo ya pili ndiyo balaa letu. Rangi haishiki, gundi haishiki, hata silikoni mpya hushika juu ya ile kuukuu kwa shingo upande. Anayeziba juu ya palipozibwa anaongeza unene tu. Na ile ya bei nafuu inayonuka siki inapokauka, harufu yenyewe ni asidi ya asetiki, kitu usichotaka karibu na alumini wala skrubu za chuma.

Kuitoa basi. Sehemu nene ni rahisi na ina raha yake: unapitisha kisu cha plastiki ukingo wa juu na wa chini, unashika ncha, unavuta taratibu, na inakuja utepe mrefu wa mpira. Wembe wa chuma ni mwepesi zaidi lakini unachuna rangi, na alumini iliyochunwa hubaki bila kinga ya rangi. Wengine hutumia mashine ya hewa ya moto. Inasaidia kidogo, ila ukizembea unakunja vipande vya plastiki na kuchemsha rangi, nami sioni faida yake.

Kazi hasa inaanza pale unapodhani umemaliza. Unabaki utando mwembamba, mtelezi, usioonekana. Hapo ndipo unapopaka dawa ya kuyeyushia silikoni, na jina hilo linaisifia kupita kiasi, kwa sababu inachofanya ni kuilainisha. Unaiacha ifanye kazi, unakwangua uji uji, unapaka tena, unakwangua tena. Mwisho unafuta kwa kitambaa na alkoholi ya isopropili, ukibadilisha kitambaa kila mara, la sivyo unahamisha utando kutoka hapa kwenda pale. Kisha unanyunyiza maji na kutazama. Palipo safi maji yanatandaa, palipobaki silikoni yanajikusanya matone na kukimbia. Kalamu ya wino mzito nayo inasema kweli: pasiposhika wino, rudi na kitambaa.

Madirisha ya kempa ni hadithi nyingine. Mengi yake ni akriliki, si kioo. Ukiyagusa kwa asetoni au petroli yanaingia nyufa nyembamba mithili ya nywele, na hayarudi yalivyokuwa. Pale ni kucha, ncha ya kijiti na subira.

Nikiwa juu ya ngazi, ami yangu wa Nungwi alipiga simu. Ami ni fundi wa vyombo, na Nungwi, kaskazini kabisa ya Unguja, ni mahali ambapo majahazi na mashua bado vinaundwa ufukweni kwa mkono. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za watoto, nikageuza kamera aone ninachofanya. Akatazama kimya, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, aliyekitia kitu hicho alikusudia kitolewe vipi?"

Sikuwa na jibu, maana hakukusudia. Kwa ami swali hilo ni la kwanza. Chombo kikipandishwa mchangani wakati wa bamvua, kalafati, yaani pamba inayoziba mishono ya mbao, huangaliwa mshono kwa mshono. Iliyochoka inachokolewa, inatoka nyuzi kwa nyuzi, mbao hazidhuriki. Pamba mpya inasokotwa kwa kiganja, inalowekwa mafuta ya nazi au sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haitoki nguoni, kisha inagongwa kwa chembeu na nyundo mpaka ijae baina ya mbao mbili. Ami husikiliza zaidi ya anavyotazama: mlio wa nyundo ukibadilika kutoka butu kuwa mkavu, mshono umeshiba. Chini, sehemu inayokaa majini, hupakwa deheni, chokaa iliyopondwa na shahamu. Chombo kikirudi baharini mbao zinavimba na kuibana pamba. Maji yenyewe yanamaliza kazi ya fundi.

Haidumu, na hakuna anayedai inadumu. Itafunguliwa tena, na kila aliyeshika nyundo pale analijua hilo.

Nisiwafanye watu wa nyumbani malaika. Dar es Salaam, basi dogo likivuja paa, silikoni inapigwa juu ya silikoni vile vile, na bati la nyumba likitoboka tunapaka lami tukamwachia Mungu masika. Mafundi rangi wa gereji ndio wanaolipa: gari likiwa na mabaki ya silikoni, rangi inayakimbia na kuacha vishimo vidogo, kazi inarudiwa. Na huku nako wapo wazee wastaafu, jirani yangu mmojawapo, wanaofungua reli moja baada ya nyingine majira yote ya joto, na ukitaja silikoni mbele yao utadhani umetukana.

Tofauti naiona kwenye malipo ya mikono. Hapa bomba la silikoni ni bei ya chakula cha mchana, na saa moja ya fundi ni bei ya mabomba mengi. Mwenye kempa inayovuja anapiga hesabu na kununua bomba. Nungwi pamba na mafuta si bure, lakini mikono ipo, vijana wanaojifunza wapo, na chombo kitapanda mchangani tu hata hivyo, kwa hiyo kufungua mshono hakuonekani kuwa hasara. Mahali ambapo kurudia kazi ni ghali, watu hununua ahadi ya kutorudia. Ahadi hiyo ikivunjika, aliyeinunua ameshauza gari, na anayekwangua ni mwingine.

Kwenye reli tumeweka mastiki ya butili, utepe wa kijivu unaokuja umeviringishwa na karatasi. Ukikaza skrubu inafinyika na kutoka pembeni, unakata ziada kwa kijiti, na haigandi ikawa ngumu. Siku ya kufungua itafunguka. Skrubu zote tumebadilisha kwa za chuma kisichoshika kutu, na kipande cha fremu kilichooza tumekikata. Dirisha la paa bado, linasubiri juma lisilo na mvua, jambo ambalo hapa huombwa zaidi ya kupangwa.

Ami amevutiwa na utepe ule. Anaunda mashua ya watalii yenye kibanda cha vioo, na fundi wa vioo kutoka mjini amekuja na silikoni, wanazozana. Jamaa anayesafiri atambebea roli mbili. Nimemwambia ni za juu tu, chini ya maji aendelee na pamba yake. Akasema hilo hakuniuliza.