Mkaguzi wa Nguo Yuko Mnadani

Kila mjadala wa mitumba unapoibuka nchini, mvaaji wake huzungumzwa kana kwamba ni mtu asiye na uchaguzi, maskini anayesitiri mwili kwa alichojaliwa kukipata. Mimi ni mvaaji wa mitumba wa miaka mingi, kwa hiari na kwa furaha, na ninaandika kuipinga picha hiyo. Nimenunua mashati, suruali na makoti Ngokolo mjini Shinyanga, Kahama, Katoro na Geita mjini. Ninachokiona huko ni watu wanaokagua nguo kwa ukali ambao sijauona katika duka lolote lenye vioo na kiyoyozi.

Mzoefu hutanguliza mkono kabla ya jicho. Hukifikicha kitambaa kwa vidole apate kujua kama ni pamba, kitani, sufu au poliesta, kwa sababu katika jua la Shinyanga tofauti hiyo ndiyo inayoamua mtu atamaliza siku akiwa mkavu au ameloa. Kisha huinua nguo kuelekea juani ili matundu ya nondo na kitambaa kilichosagika makalioni vijitokeze. Ukosi wa shati huutazama mahali unapokunjika, kwani ndiko uchakavu unakoanzia. Fundi mzuri anaweza kuufumua na kuugeuza, hivyo bei hushuka lakini shati haliachwi. Kwenye koti huanza na mabega. Fundi cherehani anaweza kupunguza mikono, kubana kiuno na kubadili bitana, lakini mabega yakikataa, koti limekataa. Hutazama pia kama mistari ya kitambaa inakutana mfukoni, kama matundu ya vifungo yameshonwa kwa nyuzi zilizobanana, na kama pindo la suruali lina akiba ya kurefushia. Lebo husomwa mwisho, maana lebo inaweza kuhamishwa kutoka nguo moja hadi nyingine.

Bei nayo ina kalenda yake. Asubuhi belo linapofunguliwa, shati la pamba la gredi ya kwanza huweza kutajwa kwa shilingi 10,000. Jua likiegemea magharibi, mashati yaliyobaki humwagwa chini na muuzaji hupaza sauti akiyanadi kwa 2,000. Huku kwetu kuna kalenda nyingine mbili juu ya hiyo: ya pamba na ya dhahabu. Wakulima wanapouza pamba katikati ya mwaka, minada ya vijijini huchangamka. Na duara likitema mawe mazuri, wauzaji wa Katoro hupata habari mapema, na koti lililokuwa la 15,000 juzi hulala likiwa la 25,000.

Katoro ndiko nilikomkuta kijana mmoja mchimbaji, vumbi la duara bado limo katika kucha zake, akitafuta koti la kuvaa siku ya kupeleka mahari. Hatua chache kutoka pale palikuwa na duka la suti mpya, na fedha alikuwa nazo. Nilimuuliza kwa nini hakuingia. Akanijibu, “Mwalimu, ile ya dukani ukiivaa mara tatu inakunjika kifuani kama karatasi iliyolowa. Hili lina kitambaa. Wakwe wakinishika mkono watajua.” Alilivaa, akalivua, akaligeuza nje ndani, akamwonyesha muuzaji uzi uliolegea kwenye kwapa na kushusha bei kwa 4,000. Katika maelezo yake sikusikia hata neno moja la kutaka kuonekana Mzungu. Alikuwa akizungumzia ufundi, uimara na heshima yake mbele ya watu wazima.

Ukali huo ni wa kale kuliko mitumba yenyewe. Katika karne ya 19 kitambaa cha pamba kilichofumwa Marekani, hasa kile kilichopitia bandari ya Salem, kilifika Zanzibar na kubeba jina la kilikotoka: marekani. Misafara iliyokipeleka Unyanyembe na kwingineko bara ililazimika kujua wenyeji wa kila njia walitaka kitambaa gani. Aliyebeba kisichotakiwa alikwama, maana kitambaa ndicho kilichokuwa fedha ya kununulia chakula. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameonyesha jinsi uchaguzi wa wanunuzi wa Afrika Mashariki ulivyogusa uzalishaji wa viwanda vya Salem na baadaye Bombay. Mnunuzi wa bara alikuwa akimpa maagizo mwenye kiwanda ng’ambo ya bahari.

Kisha sisi wenyewe tukajenga viwanda. Urafiki ulifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwanza ikawa na Mwatex na Musoma ikapata Mutex, karibu na mashamba ya pamba ya Usukuma. Wazazi wetu walivaa vitambaa hivyo. Hao hao wanaikumbuka pia miaka ya mwanzo ya 1980, nguo zilipokuwa za kupangia foleni, na mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Mitumba ilipopata njia, ilikuta viwanda vyenye mitambo iliyochoka, umeme wa mashaka na mitaji iliyokauka. Ni kweli kwamba ilivijeruhi, na nguo mpya za bei nafuu kutoka Asia zilivijeruhi vilevile. Hata leo sehemu kubwa ya pamba yetu huondoka ikiwa marobota, ikafumwe na kushonwa kwingine.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba sokoni ndani ya miaka mitatu. Ushuru ulipandishwa. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na nafasi ya kuuza bidhaa zetu huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA ikawekwa rehani. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ilishikilia wake na mwaka 2018 ikasimamishiwa unafuu huo kwa upande wa mavazi. Somo la mabavu ya wakubwa tunalijua. Lakini katika mjadala wote ule, yule kijana wa Katoro hakuulizwa jambo lolote. Hakuna aliyetaka kujua kwa nini, akiwa na fedha mkononi, analipita duka la nguo mpya.

Swali hilo linawahusu hata watumishi wa umma. Waraka wa mavazi wa mwaka 2007 unawataka wavae kwa staha, na ni haki. Mwalimu anayeripoti Nyarugusu katika ajira yake ya kwanza, au mhitimu anayekwenda kwenye usaili, anatakiwa aonekane nadhifu kabla hajapokea mshahara hata mmoja. Anayemwezesha kutii waraka huo ni muuzaji wa mitumba na fundi mwenye cherehani barazani. Ukilifunga soko lile bila kumpa kingine kinacholingana, utakuwa umempandishia mwalimu gharama ya heshima yake.

Ninataka viwanda virudi, hasa huku ambako pamba inalimwa. Ninapinga viwanda vinavyotarajia kulindwa na marufuku wakati kitambaa chao kinapauka kwa mafua matatu ya sabuni. Serikali ni mnunuzi mkubwa wa sare za askari, wauguzi na wengine. Na ianze hapo, kwa kuagiza kitambaa cha pamba yetu chenye uzito na mshono unaopimwa kweli, na kulipa kwa wakati. Shirika la Viwango lina maabara zake, lakini kabla ya kuandika kiwango cha shati, maofisa wake waje waketi siku nzima Ngokolo na Katoro, wawasikilize wauzaji wa mitumba na mafundi cherehani. Watajua shati huanza kufa wapi, uzi upi hukatika kwanza, na mnunuzi yuko tayari kuongeza shilingi ngapi ili apate lisilokufa mapema.

Bajeti ya kila Juni huandaliwa na watu walioketi katika madarasa yetu, na baadhi yao wanasoma hapa. Ombi langu kwao ni dogo. Kabla ya kupendekeza ushuru mwingine juu ya belo, watwae shati moja lililotengenezwa nchini, waliweke juu ya meza ya mnada kati ya mitumba, walitaje bei yake halisi, kisha wahesabu ni mikono mingapi italishika na kuliachia.