Kibiriti cha Mjomba

Kuna watu wanaopenda mpira, wengine disko, na wengine ng'ombe. Mjomba wangu anapenda kuendesha gari. Sisemi kusafiri, nasema kuendesha. Ukimtuma Mwatate akuletee paketi moja ya chumvi atakushukuru, kisha atapitia njia ya mbali.

Gari lenyewe ni Suzuki SJ410, lile dogo la kimraba ambalo wengi hapa Kenya huliita Sierra. Kijijini kwetu, juu kidogo ya Wundanyi, linaitwa Kibiriti. Urefu wake haufiki mita tatu na nusu, uzito haufiki tani moja, na injini ni ya sentimita 970 za ujazo, nguvu za farasi 45 tu. Ukoo huu ulianza Japani mwaka 1970. Cha mjomba ni cha kizazi kilichoanza mwaka 1981, na ile Jimny mpya iliyotoka 2018 bado ina sura ya kisanduku ya babu yake.

Wanaokicheka Kibiriti hawajafika Taita wakati wa masika. Udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza kama mlenda. Magari makubwa yanazama kwa uzito wao wenyewe, lakini Kibiriti kinapita juu juu. Mimi ndiye utingo. Tukifika penye tope huruka chini, nainama kwenye magurudumu ya mbele na kuzungusha vile vifuniko vya katikati mpaka vishike. Mjomba naye anavuta kile kigingi kidogo kando ya gia, na magurudumu yote manne yanaanza kuvuta. Mlima ukizidi anaingiza zile gia za nguvu, gari linatambaa kama kinyonga huku injini ikilia kama imeonewa. Kuteremka ndiko kuna ufundi. Mjomba hagusi breki, anaiachia injini ilizuie gari. Ukikanyaga breki topeni magurudumu yanajifunga, na usukani unabaki pambo.

Tukirudi kwenye lami kavu, lazima nishuke tena nifungue. Kwenye kona magurudumu ya mbele huenda njia ndefu kuliko ya nyuma, na gari hili halina kifaa cha katikati cha kusawazisha tofauti hiyo. Vyuma vinasokotana mpaka kitu kivunjike. (Mwalimu wa Fizikia, natumaini unasoma.)

Sitaki mdhani ninalisifu bure. Springi zake ni vyuma bapa vilivyopangwa kama vya lori, kwa hivyo abiria wa nyuma hurudi nyumbani na habari za kiuno. Kwenye barabara kuu ya Mombasa, trela likikupita upepo wake unakusukuma kando. Tena ni jembamba na limesimama juu, ukikata kona kwa kasi litalala. Ndiyo maana mjomba huenda taratibu kwenye kona za Mwatate. Kupenda kuendesha na kupenda mbio ni mambo mawili, ingawa kuna madereva wa matatu ambao bado hawajaambiwa.

Sasa kuna shida. Binamu yangu ameitwa chuo cha uuguzi na karo inatakiwa Januari. Mwezi jana alikuja bwana mmoja kutoka Mombasa, akakizunguka Kibiriti mara mbili, akataja shilingi 350,000, pesa taslimu. Mkaza mjomba hakungoja hata chai iishe.

"Baba watoto, msichana atapata cheti. Hilo gari litapata cheti gani?"

Mjomba akanyamaza sana. Halafu akasema, "Na masika je? Nani atamshusha mgonjwa?"

Kila mtu pale alijua anasema nini. Mwaka juzi, usiku wa mvua, mtoto wa jirani alishikwa na degedege. Boda boda zilikataa, Probox ilikwama kabla ya kutoka uani. Kibiriti kilishuka mpaka hospitali, mimi nikifunga na kufungua vile vifuniko kwa kupapasa gizani. Aliyempakata mtoto kiti cha nyuma alikuwa binamu yangu huyo huyo. Tangu asubuhi ile hana habari nyingine ila uuguzi.

Mimi sijaulizwa. Ningeulizwa, sijui kama ningeweza kumtazama mkaza mjomba usoni nikatetea gari, maana yeye ndiye anayebeba kabichi kichwani kukiwa hakuna petroli. Leseni nayo siwezi kupata mpaka nifike miaka 18, kwa hivyo hata kikibaki, mimi ni utingo tu.

Yule bwana anarudi Jumamosi. Jana jioni mjomba alinipa kopo la grisi, akaniambia nifungue vifuniko vya mbele, nivisafishe na kuvipaka vizuri. Nikamwuliza, "Mjomba, hii ni ya mnunuzi au ya masika?"

Akasema, "Wewe paka."