Kuzamia Katika Bahari ya Baridi

Mtoto aliyezaliwa Unguja, Lamu au Kilwa hujifunza bahari bila kujua ya kuwa anajifunza. Maji ni ya vuguvugu mwaka mzima. Huyaingia akicheza na kutoka akicheza, na limtoalo baharini ni njaa au sauti ya mama yake. Kwa hiyo akiambiwa ya kuwa katika nchi nyingine watu hufa katika maji matulivu, hatua chache tu kutoka ufukoni, nao ni waogeleaji hodari, hustaajabu sana. Lakini ndivyo ilivyo. Katika pwani za Uskoti, Norwe, Kanada, Korea, na hata Afrika ya Kusini upande wa magharibi, maji huweza kushuka kufikia nyuzi 10 za Selsiasi au chini yake. Mtu atakaye kutazama mambo ya chini ya bahari hiyo, mwani mrefu kama miti na kaa na samaki wapitao katikati yake, lazima kwanza ajifunze jambo lionekanalo dogo, yaani kuingia majini.

Hatari ya kwanza imo katika pumzi ya mtu mwenyewe. Ngozi ikiguswa ghafula na maji ya baridi, kifua huvuta hewa kwa nguvu pasipo mtu kutaka, kisha pumzi huja mbio mbio, na moyo hupiga kwa haraka. Ikiwa wakati ule kichwa kimo chini ya maji, kifua hakitavuta hewa, kitavuta maji. Hali hiyo huwa kali zaidi katika nusu dakika ya kwanza, nayo hutulia baada ya dakika mbili au tatu. Basi yule aliyejirusha kutoka mwambani kwa kutaka sifa hupatwa na hatari kubwa kuliko mwenzake aliyeingia polepole, ingawa maji ni yale yale.

Kwa hiyo mwanafunzi wa maji baridi hufundishwa kuingia kwa miguu yake. Huanza siku ya utulivu, mahali pa kina kifupi, pamoja na mwenzake ajuaye pwani ile. Maji yakifika magotini husimama. Yakifika kiunoni husimama tena, akajimwagia maji usoni na shingoni. Hutoa pumzi polepole, kana kwamba anapuliza moto wa kuni, na asilaze uso wake majini mpaka kifua kimetii. Siku ya kwanza hukaa dakika chache tu, kisha hutoka. Wenye elimu ya mwili wamepima jambo hili, wakaona ya kuwa mtu akiingia katika maji baridi mara tano au sita, kidogo kidogo, ule mshtuko wa pumzi hupungua sana. Mwili hufundishika kama mtoto afundishikavyo, kwa kurudia wala si kwa kupigwa.

Vyombo vyake si vingi. Cha kwanza ni miwani ya maji, nayo yapasa kufunika pua pamoja na macho, ili mtu ashukapo aweze kupuliza hewa kidogo ndani yake. Asipofanya hivyo, uzito wa maji huibana miwani usoni hata kumwumiza. Katika miwani hiyo vitu huonekana vikubwa na vya karibu kuliko vilivyo, na mgeni hunyosha mkono kushika konokono asimfikie. Cha pili ni mrija wa kuvutia hewa, mfupi kiasi cha mkono mmoja toka kiwiko mpaka vidole. Mwanafunzi mwerevu huenda akauliza, kwa nini usifanywe mrefu, mtu akatembea chini kabisa huku akivuta hewa ya juu? Jibu ni kwamba maji ni mazito. Hata kwa kina cha urefu wa mtu mmoja, maji hukilemea kifua kwa nguvu nyingi hata misuli haiwezi kukipanua. Kwa sababu hiyo mrija ni wa kuelea na kutazama tu. Atakaye kushuka huziba pumzi yake.

Cha tatu ni vazi. Maji huondoa joto la mwili upesi kuliko hewa, mara ishirini na zaidi. Mwaka 1952 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha California huko Marekani, Hugh Bradner, alitambua ya kuwa mzamiaji hana haja ya kukaa mkavu ili akae na joto. Yatosha vazi lake liwe la mpira wenye viputo vidogo vingi vya hewa, kwa kuwa hewa ile iliyofungwa ndani ya mpira ndiyo ihifadhiyo joto. Maji machache huingia kati ya vazi na ngozi, yakapata joto la mwili, yakakaa. Lakini vazi hilo humfanya mtu aelee kama gogo. Kwa hiyo wengi hujifunga mkanda wenye vipande vya risasi ili waweze kuzama, na kufuli yake huwa ya kufunguka kwa mkono mmoja, ili ikitokea shida mkanda utupwe mara moja.

Lakini kabla ya mpira kuvumbuliwa walikuwako watu waliozamia katika baridi kwa nguo ya pamba tu. Katika kisiwa cha Jeju, kusini mwa Korea, wako wanawake waitwao haenyeo, maana yake wanawake wa bahari. Kisiwa kile ni cha mawe ya volkano. Mvua hunywea chini upesi, na mpunga haukustawi vizuri. Kwa hiyo wanawake waliitafuta riziki chini ya maji, wakachuma mwani, pweza, na konokono wa thamani ashikaye mwambani kwa nguvu mpaka abanduliwe kwa chuma. Hushuka kiasi cha mita 10, wakiziba pumzi yapata dakika moja, bila mtungi wa hewa. Wataalamu Suk Ki Hong na Hermann Rahn waliwachunguza wazamiaji wa Korea katika miaka ya 1960, wakaona ya kuwa hata majira ya baridi, maji yalipokuwa karibu na nyuzi 10, waliendelea na kazi. Ila walikaa majini muda mfupi, wakatoka kuota moto, wakarudi tena. Huo uzio wa mawe wenye moto, uliojengwa ufukoni, ulikuwa kama shule yao. Hapo walikaa kwa daraja za ustadi, na wadogo wakasikiliza wakubwa wakieleza mkondo uko wapi leo, upepo utageuka lini, na mwamba gani ni wa kuepukwa.

Msichana wa kisiwa hicho hakupelekwa kwenye kina siku moja. Alianza ufukoni, maji yakimfika kifuani, na kibuyu kikavu cha kushikilia na mfuko wa wavu uliofungwa chini yake. Alipiga mbizi ndogo, akaleta kokoto au mwani, akapumzika juu ya kibuyu chake. Miaka ilipita kabla hajahesabiwa miongoni mwa wa daraja ya kati, na wengi hawakufika daraja ya juu kamwe, wala haikuwa aibu kwao. Kila mmoja alizamia mahali palipolingana na pumzi yake. Hata leo katika vijiji vingine maji ya karibu huachiwa wazee, na mwenye nguvu akichuma huko huonekana hana adabu.

Katika lugha yao wana neno mulsum, yaani pumzi ya maji. Neno hilo hutumika kwa habari ya kufa. Mzamiaji amekwisha jaza mfuko wake na kuzamia mara ya mwisho. Pumzi yaelekea kwisha, naye anageuka kupanda juu. Ndipo amwonapo konokono mkubwa, mkubwa kupita wote wa siku ile, amekaa karibu na mkono wake. Akisema moyoni, “Huyu mmoja tu,” akarudi kumbandua, na konokono akashika mwamba, basi pumzi atakayoivuta huenda ikawa ya maji. Wenye kufa hivyo si wanafunzi peke yao. Huwamo mastadi, kwa sababu mwanafunzi huogopa, na stadi hujiamini.

Jambo hili lina maelezo yake katika elimu. Kinachomlazimisha mtu kuvuta hewa ni ile hewa chafu ya kaboni ijazanayo katika damu, ambayo hutoa onyo mapema kabla hewa safi haijapungua mno. Wengine, wakitaka kukaa chini zaidi, huhema upesi upesi mara nyingi kabla ya kuzama. Wadhani wanajaza hewa safi, kumbe wameondoa hewa chafu tu, yaani wamemfukuza mlinzi aliyekuwa akipiga baragumu. Wakiwa chini hawaoni taabu yo yote, kisha huzimia ghafula bila kujua. Kwa sababu hiyo mwalimu mwema huwakataza wanafunzi wake kuhema hivyo, na huwaagiza kuzamia wawili wawili, mmoja chini na mmoja juu akitazama. Haenyeo nao hawaendi peke yao. Kila atokezapo mmoja hutoa pumzi kwa mluzi mwembamba, na mluzi ule huwaambia wenziwe ya kuwa yu hai.

Vazi la mpira lilifika Jeju katika miaka ya 1970. Faida yake ilikuwa kubwa: aliyekaa majini kwa muda mfupi aliweza sasa kukaa saa nyingi. Hata hivyo hasara haikukosekana. Wataalamu waliopima tena waliona ya kuwa miili ya wazamiaji ilipoteza kidogo kidogo ule uwezo wa kustahimili baridi walioupata kwa miaka mingi. Tena, zamani baridi yenyewe ilikuwa ikisema, “Yatosha, toka.” Baridi ilipofungiwa nje ya vazi, yapasa akili iseme badala yake. Kwa hiyo wanakijiji walishika miiko yao: mitungi ya hewa haitumiwi, konokono wachanga huachwa, na kuna miezi ambayo viumbe fulani havichumwi ili vizae. Wanawake hao walikuwa yapata 14,000 mwaka 1970, na leo wamebaki wachache, wengi wao wakiwa wazee. Mwaka 2016 UNESCO iliutia ustadi wao katika orodha ya urithi wa wanadamu, na shule zimefunguliwa kisiwani ili wageni na vijana wajifunze.

Mwanafunzi wa leo, awe Jeju au Uskoti, akiisha kutoka majini bado hajamaliza. Mwili huendelea kupoa kwa muda baada ya kufika nchi kavu. Basi hujikausha mara moja, huvaa nguo nzito na kofia, hunywa kitu cha moto chenye sukari, na hakai peke yake. Vidole vikianza kufa ganzi, au akitetemeka bila kuacha, au akiona maneno yanamponyoka kinywani, hajadili na bahari, hutoka. Kesho ataikuta pale pale.

Huenda mtu akaona ya kuwa masharti haya ni mengi kwa ajili ya kutazama samaki. Lakini yeyote aliyewahi kuelea kimya juu ya msitu wa mwani, pumzi yake ikienda polepole kama ya mtu alalaye, ajua ya kuwa masharti hayo ndiyo yaliyomfungulia mlango. Mwenye haraka huiona bahari ya baridi kwa dakika moja, akakimbia akilia meno. Mwenye subira hukaribishwa ndani, huonyeshwa mengi, kisha huondoka angali ana pumzi ya akiba kifuani, na mfuko wake haujajaa.