Uso Uliochorwa kwa Penseli



Mwezi Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu, na bahasha zenye majina yao zinazidi kujaa mezani petu. Juma hili, katikati ya bahasha hizo, tumekuta kitu tusichokizoea: picha iliyochorwa kwa penseli, ya uso wa kijana mweusi wa Marekani anayeimba huku amefumba macho. Chini yake mchoraji, binti mmoja wa kwaya yetu, ameandika: Otis Redding, 1941–1967. Anaomba jina hilo lisomwe pamoja na mengine.

Wapo waliohoji. Mtu huyo hakuwa Mkatoliki, tena nyimbo zake nyingi zilikuwa za mapenzi. Ana nini na orodha yetu? Kuhusu hoja ya kwanza, jibu ni fupi. Katika Sala ya Ekaristi Kanisa huwakumbuka hata marehemu ambao imani yao yajulikana na Mungu peke yake. Hoja ya pili yataka maneno zaidi kidogo.

Otis Redding alizaliwa tarehe 9 Septemba 1941 huko Dawson, katika jimbo la Georgia, akakulia mji wa Macon. Baba yake alikuwa mfanyakazi ambaye pia alihubiri, na mtoto akajifunza kuimba katika kwaya ya kanisa la Kibaptisti la Vineville. Alipofika miaka 15 aliacha shule ili asaidie kulisha familia, maana baba alikuwa ameshikwa na kifua kikuu. Alichimba visima, akauza mafuta ya magari. Mwaka 1962 alimwendesha mpiga gitaa mmoja kwa gari hadi Memphis, kwenye studio ya Stax. Mwisho wa siku akapewa nafasi ya kuimba, na maisha yake yakageuka. Muziki aliouimba huitwa soul, maana yake roho, na jina hilo halikuokotwa njiani. Namna ile ya kuita na kuitikiwa, ya kuvuta neno moja mpaka lilie, ilitoka katika makanisa ya watu weusi, ambao babu zao walikuwa watumwa. Wimbo ukihama kanisani kwenda ukumbini hubadili maneno. Pumzi huwa ni ile ile. Sisi tuliolelewa katika kwaya tunaitambua tangu mstari wa kwanza.

Turudi kwenye picha. Tuliitazama muda mrefu kuliko tulivyokusudia. Kuchora uso mweusi kwa penseli ni kazi ya uvumilivu, kwani weusi hauji kwa mkandamizo mmoja. Ukikandamiza kwa pupa, karatasi huchubuka na mahali hapo hung'aa vibaya kama chuma. Inakupasa kupita juu ya kivuli kile kile mara nyingi kwa mkono mwepesi, ukianza na penseli ngumu na kumalizia na laini. Mwanga, kwa upande wake, hauchorwi kabisa: ile nuru iliyo juu ya paji la uso na kwenye mdomo wa chini ni karatasi yenyewe, iliyoachwa bila kuguswa. Binti alituambia kwamba ilimchukua majuma matatu, na kwamba shingo ilimsumbua kuliko macho, kwa sababu mtu anayeimba kwa nguvu zote huonekana shingoni.

Tulimuuliza kwa nini huyu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kaka yake naye alifariki akiwa na miaka 26. Amejaribu mara kadhaa kumchora, naye hufika kwenye macho akashindwa. Akaona aanze na mtu ambaye hakumjua, wa umri ule ule, ili mkono uzoee. Hatukuwa na la kuongeza.

Miaka 26 ndiyo aliyokuwa nayo Redding siku ya Jumapili, tarehe 10 Desemba 1967. Katika majira yale yale alikuwa amefanyiwa upasuaji wa koo, akapona, akarudi studio na kurekodi wimbo wa mtu aketiye gatini akitazama maji. Siku chache baadaye ndege yake ndogo ilitoka Cleveland kuelekea Madison, Wisconsin, katika hali mbaya ya hewa, ikaanguka katika ziwa Monona, lenye maji ya baridi kali. Wimbo ule ulitolewa Januari 1968 na kufika nafasi ya kwanza nchini Marekani, jambo ambalo halijawahi kumtokea hapo kabla mwimbaji aliyekwisha kufa. Mwishoni mwake anapiga mluzi tu. Baadhi yenu mnaujua mluzi huo bila kujua ni wa nani.

Lakini ndege ile ilibeba watu wanane. Ilikuwamo sehemu kubwa ya bendi yake, Bar-Kays, vijana waliokuwa wametoka shuleni juzi tu. Jimmy King wa gitaa, Ronnie Caldwell wa kinanda, Phalon Jones wa saksafoni na Carl Cunningham wa ngoma walikufa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyefikisha miaka 20. Walikufa pia Matthew Kelly, kijana aliyekuwa msaidizi wa Redding, na rubani Richard Fraser. Aliyeokoka ni mmoja, mpiga tarumbeta Ben Cauley, ambaye hakujua kuogelea; alishikilia mto wa kiti huku akiwasikia wenzake wakiita mpaka walipokuwa kimya. Hao hawachorwi mara nyingi.

Basi tumekubali jina lisomwe, na picha itabandikwa karibu na mlango wa sakristia hadi mwisho wa mwezi. Tuliomba jambo moja tu: majina ya wale sita nayo yaandikwe chini, kwa penseli ile ile. Binti aliyaandika hapo hapo, akisimama, kwa herufi ndogo. Akauliza kama aongeze na Cauley, aliyefariki mwaka 2015. Tukamwambia aongeze. Kisha akageuza karatasi, na nyuma yake, bila kutuuliza, akaandika jina la kaka yake.