Kikaango cha Mama na Mguu Mmoja wa Mbuzi

Leo tunakuleteeni habari za jikoni kutoka Ujiji, lakini tukisema kweli, habari yenyewe inaanzia jikoni na kuishia mahali pengine.

Kwanza mtujue. Sisi ni wawili, dada na mdogo wake, mafundi cherehani. Tunashona pamoja, tunadaiwa pamoja, na hata mtu akimwita mmoja tunaitika wote. Ndiyo maana mtatusikia tukisema "sisi" mwanzo hadi mwisho. Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia mama yetu, Allah amrehemu. Vyumba vya nyuma anaishi mdogo na wanawe. Mkubwa ameolewa na mvuvi wa dagaa.

Nyinyi wa visiwani mna chila zenu na mikate yenu ya kumimina. Sisi wa ziwani tuna vitumbua, na hatushangai kwamba mapishi yetu na yenu ni ndugu. Ujiji ndipo misafara iliyotoka pwani, kule Bagamoyo, ilipokuwa ikifikia kabla ya kuvuka ziwa kwenda Kongo. Watu walikuja na lugha yao, dini yao na vyungu vyao. Ila kitumbua cha mama yetu kilikuwa na jambo lake. Siku za kawaida alipika vya sukari na iliki vya kuuza. Siku za sikukuu alipika vya chumvi, vya kulia nyama ya kuoka, na hivyo havikuuzwa.

Sasa tuwapeleke Eid ya kuchinja ya mwaka 2024, iliyoangukia tarehe 17 Juni. Mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Hatulalamiki, maana hata sisi tulikuwa tumeona dagaa wanavyopungua mwaka hadi mwaka. Lakini mtu wa Kigoma amezoea mapumziko ya mbalamwezi, zile siku chache ambazo mwezi unang'aa na taa za wavuvi hazivuti dagaa. Hajazoea miezi mitatu. Kibirizi kukawa kimya. Mvuvi asipopata, mkewe hashoni. Muuza dagaa asipouza, binti yake anavaa dira la mwaka jana. Eid nyingine huwa tunakesha siku tatu tukishona majuba na madira. Eid ile tulilala saa tatu usiku.

Tukawa tumeshakubaliana kwamba mwaka huu tutakula wali na maharage, tumshukuru Mungu. Asubuhi ya Eid, baada ya swala, mteja wetu mmoja aliyechinja akatuletea mguu mmoja wa nyuma wa mbuzi. Pamoja na mfupa haukuzidi kilo mbili. Tulifurahi kama tumeletewa ng'ombe. Halafu mdogo akasema neno ambalo wote wawili tulikuwa nalo moyoni: "Tumwite kaka?"

Hapo lazima tuwaeleze. Kaka yetu mkubwa alikuwa hajakanyaga nyumba ile kwa miezi saba. Mama alifariki Novemba 2022. Warithi ni sisi watatu tu, na kwa sheria ya mirathi mnavyoijua, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili, nusu ni yake na nusu ni yetu, robo kwa robo. Kaka alitaka nyumba iuzwe kila mtu achukue chake. Sisi tulisema nyumba ya mama haiuzwi. Tulilisema kwa sauti ya uchamungu, tukiapa kwa kaburi la mama, na watu wa mtaani walituunga mkono. Kaka akaonekana mroho. Akaacha kuja.

Na kulikuwa na kikaango. Siku tulipogawana vyombo vya marehemu, sisi tulichukua masufuria, mikeka na cherehani. Kaka alichukua kitu kimoja, kikaango cha vitumbua cha chuma, chenye mashimo saba. Tulimsema sana kwa hilo. Mwanamume mzima na kikaango cha vitumbua anakitakia nini kama si kutukomoa?

Sasa nyama ile, kwa watu 12 tukiwahesabu kaka, wifi na watoto wao wanne, isingetosha bila vitumbua. Na vitumbua havipikwi bila kikaango. Tukampigia wifi. Alitujibu kwa upole lakini hakututua mzigo: "Kikaango kipo. Ila aliyekiweka ni kaka yenu. Muombeni mwenyewe."

Ilituchukua nusu saa kupiga simu ile. Tulisukumana kama watoto. Mwishowe mkubwa akapiga. "Shikamoo kaka. Eid mubarak." "Marahaba." Kimya. "Kaka, tunaomba kikaango cha mama. Na tunaomba mje nacho nyinyi wote, mle kwetu." Kimya tena, kirefu. Halafu akasema, "Mchele mmeloweka?" Tukasema tumeloweka. Kusema kweli tulikuwa hatujaloweka. Tulikimbia kuloweka simu ikiwa bado mkononi.

Basi dada zetu, mapishi ni haya. Kwa vitumbua thelathini hivi, chukua mchele vikombe vitatu. Ukiwa na nafasi uloweke usiku kucha. Sisi siku ile tuliuloweka kwa maji ya vuguvugu saa nne tu, ukakubali. Mwaga maji, usage kwenye blenda pamoja na maji safi kikombe kimoja na nusu mpaka uwe laini. Ongeza unga wa ngano vijiko viwili vya chakula, hamira kijiko kimoja cha chai, yai moja na chumvi kijiko kimoja cha chai. Usitie sukari zaidi ya chembe ya kuamshia hamira. Funika uuache pahali pa joto mpaka uumuke. Ukishaumuka, ndipo utie kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo, kotmiri na pilipili manga. Uwe mzito wa kumiminika polepole kutoka kwenye upawa. Ukiwa mwepesi kama maji, kitumbua kitalala. Sisi tulipika mara mbili ya kiasi hiki.

Nyama uisugue kwa tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, chumvi na pilipili, ukae nayo. Mbuzi wetu ni mgumu, kwa hiyo mchemshe kwanza mpaka alainike, na supu yake usiimwage. Kisha mweke ndani ya sufuria zito, funika, palia makaa juu ya mfuniko na machache chini. Geuza mara mbili tatu. Chini ya sufuria yatakusanyika mafuta ya nyama pamoja na viungo vyake. Hayo ndiyo siri yenyewe.

Mama hakupika vitumbua vya sikukuu kwa mafuta ya dukani. Alichota mafuta yale ya nyama, akayaongeza mawese kidogo, akatia kijiko kimoja kwenye kila shimo. Akasubiri mpaka yatoe moshi mwembamba. Ukimimina unga lazima upige kelele, usipopiga kelele ujue moto bado. Kingo zikishakuwa za kahawia, geuza kwa kijiti. Kitumbua kinatoka kikavu nje, laini ndani, na kina harufu ya nyama ambayo bado hujaila.

Tulikuwa tunadhani hayo ni ya mama peke yake. Mteja wetu mmoja anayeishi Uingereza alipokuja likizo akatuambia kuwa watu wa Yorkshire, kaskazini mwa nchi ile, wana chakula ndugu ya hiki. Zamani walipokuwa wakioka nyama mbele ya moto, waliweka chini yake chombo chenye unga uliokorogwa kwa mayai na maziwa, mafuta yakawa yanadondokea humo. Hawatii hamira, joto la mafuta ndilo linaloufanya uvimbe. Mapishi yake yalichapishwa London mwaka 1737, na mwaka 1747 mwandishi Hannah Glasse akayaita kwa jina la Yorkshire. Na kilichotugusa ni kwamba familia nyingi walikila kwanza, na mchuzi wa nyama juu yake, ili watu washibe kidogo na nyama chache iwatoshe wote. Tulicheka. Mama hakufika Dodoma, sembuse Yorkshire, lakini akili ya mama mwenye watoto wengi na nyama kidogo ni moja dunia nzima.

Kaka alifika baada ya adhuhuri, kikaango amekifunga kwenye kanga ya mama. Kilikuwa cheusi, kinang'aa, kimepakwa mafuta. Wifi akatunong'oneza kwamba kila Ijumaa hukitoa na kukipaka mafuta kisishike kutu, na hataki mtu mwingine akiguse. Hakukaa barazani na wanaume. Alivuta kigoda jikoni, akatuangalia tukimimina, halafu akasema, "Mnawahi kugeuza." Akachukua kijiti.

Dada zetu, mkono wa kaka ulikuwa unageuza vitumbua kama mkono wa mama. Na hapo ndipo tukakumbuka jambo ambalo tulikuwa tumelisahau kwa kutaka. Mama alipokuwa akipika alfajiri, aliyekuwa akimsaidia, na akibeba sinia kuzunguka nalo kabla jua halijatoka, alikuwa kaka. Sisi tulikuwa wadogo, tumelala. Aliishia darasa la saba. Sisi tulimaliza sekondari, na ada ya kozi ya ushonaji ililipwa kwa vitumbua vile, ambavyo nusu yake viliuzwa kwa miguu yake. Kumbe hakuchukua kikaango kutukomoa. Alichukua kitu pekee ndani ya nyumba ile ambacho na yeye alikishika.

Tukala ukumbini, kwenye mkeka mmoja. Tulitanguliza vitumbua na supu iliyopunguzwa motoni ikawa nzito. Watoto walipiga kelele mpaka kelele zikaisha zenyewe. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba chakula cha wachache huwatosha waliozidi, na siku ile tuliliona kwa macho. Nyama ilipoletwa hakuna aliyegombania. Kila mtu alipata na kipande kimoja kikabaki.

Kaka alikuwa anachovya kitumbua chake cha mwisho. Akasema polepole, bila kumtazama mtu: "Mama alikuwa anatutangulizia hivi hivi. Lakini baada ya kitumbua, nyama ilikuja."

Hakuongeza neno. Wifi akainamisha kichwa. Sisi tulielewa, na tuliona aibu mpaka masikioni. Miezi 19 tulikuwa tumekaa katika nyumba ambayo nusu ni yake. Tumeshonea humo, tumelala humo, tumempa maneno mazuri kuhusu kaburi la mama, na hatukumpa hata shilingi. Tulimtangulizia kitumbua, na nyama tukala wenyewe.

Usiku wageni walipoondoka tulikaa na daftari la kushonea, tukapiga hesabu. Nyumba kama ile, mtaani kwetu, kodi yake wakati ule ilikuwa kama 60,000 kwa mwezi. Nusu yake ni 30,000. Mara miezi 19 ni 570,000. Kesho yake tukamfuata nyumbani kwake tukiwa na 20,000, ndiyo iliyokuwepo, na daftari. Tukamwambia, "Kaka, tulikudhulumu. Hii ni deni, si zawadi." Alihesabu zile noti mbili kama mtu anayehesabu kitu kigeni. Akasema ataandika na yeye kwenye daftari lake, ili tusije tukabishana tena.

Hatukuambieni kwamba yote yamekwisha. Kuhusu kuuza nyumba bado hatujakubaliana. Tumekubaliana tu kwamba tutakaa na mtu wa elimu ya mirathi, tukiwa watatu, bila watu wa mtaani. Ziwa lilifunguliwa Agosti, wateja wakarudi, na deni tunalipa mwezi kwa mwezi. Miezi mingine tunapitiliza, tunamwambia mapema.

Kikaango bado kiko kwake. Tukikihitaji tunapiga simu, na yeye huuliza lile lile: "Mchele mmeloweka?" Siku hizi tunajibu kweli.

Dada, kama jikoni kwako kuna nyama kidogo na watu wengi, usione haya. Tanguliza kitumbua, ni adabu na ni akili. Ila hakikisha nyama inakuja nyuma yake. Na kama kuna ndugu unayemdai samahani au anayekudai haki, usingoje Eid. Anza na deni dogo unaloweza kulilipa leo.