Ndani Mna Nyoka

Nyoka anayesafiri halishwi. Mjomba wangu aliponiambia hivyo nilidhani ni ubahili. Kumbe nyoka hana joto lake mwenyewe, hulitafuta nje: kwa jua, kwa jiwe, kwa mchanga. Akimeza panya halafu apigwe na baridi au atikiswe siku nzima barabarani, chakula hakisagiki. Atakitapika, na kutapika humdhoofisha kuliko njaa. Njaa yenyewe ameizoea, anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula. Kwa hivyo siku saba kabla ya safari mjomba aliacha kuwalisha, akawapa maji tu.

Walikuwa wanne: watatu ni wale nyoka wafupi, wanene, wanaojificha mchangani sehemu kavu za Kenya, na mmoja chatu mchanga. Hakuna hata mmoja mwenye sumu. Walikuwa wanatoka Nairobi kwenda kwa mfugaji mwingine mwenye leseni, karibu na Malindi. Kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 huwezi tu kubeba nyoka kama unavyobeba kuku wa Krismasi, kwa hivyo vibali vya KWS vilikuwa kwenye faili, nakala mbili. Mimi nilienda kama macho ya ziada. Mtu anayelipwa kwa kila makala hana bosi wa kuomba ruhusa siku ya Jumanne.

Kifaa kikuu cha safari kilikuwa foronya. Kila nyoka na yake, ya pamba, imegeuzwa ndani nje ili nyuzi za mshono zisimnase. Mdomo wa foronya unasokotwa, unafungwa fundo, kisha fundo la pili. Pamba inapitisha hewa na giza linamtuliza. Foronya zote zikaingia kwenye kasha gumu la plastiki lenye matundu pembeni, na magazeti yaliyokunjwa yakajaza nafasi ili wasigongwegongwe. Kasha likafungwa kwa mkanda kwenye kiti cha nyuma, upande usio na jua. Kwenye buti hapana. Huko ubaridi wa AC haufiki, na joto likipanda hakuna anayeliona.

Juu ya kasha mjomba aliweka kipimajoto, na kazi yangu ilikuwa kukisoma kila nusu saa. Alitaka kisishuke chini ya 24 wala kupita 30. Chai tungekunywa kwa zamu, kwa sababu gari lililofungwa juani pale Voi hugeuka oveni kwa muda mfupi sana, na nyoka hatoi jasho. Digrii 40 zinaweza kumuua.

Hayo yote sikuyapinga. Tulichobishania ni maandishi. Usiku wa kuamkia safari mjomba alichukua kalamu nene akaandika juu ya kasha: NDANI MNA NYOKA HAI. HAWANA SUMU. USIFUNGUE. PIGA SIMU. Chini yake namba mbili, yake na ya yule wa Malindi.

Nikamwambia, "Mjomba, hapo umewaua. Nchi hii nyoka huulizwa kama ana sumu akishapondwa kichwa. Andika vitabu. Nani anaiba vitabu?"

"Na tukigongana na trela huko Salama?" akaniuliza. "Watu watakuja mbio. Wengine kutuokoa, wengine kwa mizigo. Wote watatia mkono kwenye hivyo vitabu vyako."

"Lakini hawana sumu."

"Wewe unajua. Yule anayeumwa hajui. Atapelekwa hospitali akijua anakufa, na kosa lake ni kuja kunitoa kwenye mabati."

Tuliondoka saa kumi alfajiri, vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi. Baada ya Mtito Andei baridi ikaisha, tukawasha AC. Mbele ya Voi tukasimamishwa. Afande aliinama kwenye dirisha la nyuma, akasoma, akarudi hatua mbili.

"Mzee, huu ni mchezo?"

"Si mchezo, afande. Vibali hivi hapa."

Neno nyoka halihitaji kipaza sauti. Ndani ya dakika chache vijana wa boda walikuwa wamejaa, mmoja tayari ana jiwe mkononi. Mwingine akasema petroli haiko mbali. Afande akataka kasha lifunguliwe. Mlango ulikuwa wazi, kipimajoto kilisoma 31, kisha 32.

"Nikifungua hapa watauawa," mjomba akasema polepole, "na ripoti utaandika wewe. Piga hiyo namba ya pili."

Akapiga. Sauti ya Malindi ikamtajia aina ya nyoka na idadi yao, naye akifuata kwa kidole kwenye kibali. Vikalingana. Akawageukia vijana akawaambia watawanyike, ni mali ya serikali. Hiyo haikuwa kweli kabisa, lakini yule wa jiwe aliliangusha.

Kwa hivyo maandishi yaliita umati, na maandishi hayohayo yakaleta jibu. Sijui kama yangetosha usiku, bila afande. Ninachojua ni kwamba hofu ya watu wale haikuwa ujinga. Kuna kaya nyingi ambazo zimezika mtu wa kuumwa na nyoka, na mjomba hakutaka kupita katikati yao akiwaficha.

Mariakani tulikata kushoto kupitia Kaloleni, tukakwepa msongamano wa Mombasa. Kufika saa nane wote wanne walikuwa hai. Waliwekewa maji na mahali pa kujificha, wakaachwa. Hakuna kushikwashikwa, na chakula ni baada ya wiki.

Kabla ya kurudi, mjomba alimimina petroli kidogo kwenye kitambaa akaanza kusugua maandishi juu ya kasha tupu.

"Si utayahitaji tena?" nikamuuliza.

"Leo hamna nyoka," akasema, akaendelea kusugua.