Kiti cha Mama



Kishindo tulikisikia kabla ya adhana ya alfajiri. Mama yetu, ambaye umri wake umepita miaka 70, alikuwa ameinuka kutia udhu gizani ili asituamshe, na sakafu ya chooni ilikuwa na maji. Tulimkuta amekaa chini, ameushika mkono wa kulia, na la kwanza alilotuuliza ni iwapo wakati wa sala umeingia. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Alhamdulillahi, nyonga ilisalimika.

Lililofuata ndilo lililotufanya tushike kalamu, kwa kuwa kosa lilikuwa letu. Kwa jina la kumtumikia mzazi tulimkataza kila kitu. Maji aliletewa, chai aliletewa, ngazi asiziguse, jikoni asionekane. Hata sala tulimwambia aswali kwa kukaa, tukamtajia na rukhsa yake katika fikihi, ilhali kusimama alikuwa akiweza. Majirani walitusifu. Ilipotimia miezi miwili, mkono ukiwa umekwisha kufunguliwa plasta, mama hakuweza tena kuinuka kitini bila ya kuvutwa, na kutoka chumbani hadi ukumbini alikwenda akipapasa ukuta.

Tulimpeleka kwa binti mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa ajili ya ule mkono. Alimtazama anavyotembea, kisha akatugeukia sisi. "Maalim, mkono umepona. Miguu ndiyo mnayoiua." Maneno hayo yalituchoma. Akatufahamisha kwamba misuli ya mapaja isipotumika hunyauka upesi, uzeeni zaidi. Kwamba aliyeanguka huogopa, akiogopa hukaa, akikaa hudhoofika, na akidhoofika huanguka tena.

Dawa yake ya kwanza ilikuwa kiti. Kiwe kigumu, kimeegemezwa ukutani. Mzee akae sehemu ya mbele, nyayo azivute nyuma ya magoti kidogo, ainamishe kifua mbele, kisha ainuke; na akishuka ashuke polepole, asijitupe. Mama alianza na mara 3 kwa kushika mikono ya kiti, huku akituhesabia kwa kunung'unika. Sasa hufika 10 bila ya kushika kitu. Baadaye aliongezewa kushika meza ya jikoni na kuinua visigino, kusimama kwa mguu mmoja huku vidole vya mkono vikigusa meza, na kutembea kando ya ukuta, kisigino cha mguu wa mbele kikikutana na vidole vya mguu wa nyuma. Hayo yote mtu wa nyumbani awe karibu. Mwenye maradhi ya moyo, au anayemeza dawa za presha na kusikia kizunguzungu, amuulize daktari kwanza.

Si mambo ya kubuni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilipendekeza wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya uthabiti wa mwili siku 3 au zaidi kwa wiki.

Nyumba nayo tuliikagua. Taa ya chooni sasa huwaka usiku kucha, kandambili zilizolika zimetupwa, na mkeka uliokuwa umejikunja pembe umeondolewa mlangoni. Tulipotaja pindo la dera linaloburuta chini, mama alikataa kata kata. Dera lake, alisema, fundi hatalitia mkasi yeye akiwa hai. Hilo tumemwachia.

Ijumaa iliyopita aliswali Isha, rakaa mbili za mwanzo kwa kusimama na mbili za mwisho kitini. Alipomaliza alituita jikoni. "Na wewe mwanangu, hebu simama kwa mguu mmoja nikuone." Tukasimama mbele ya wajukuu, na kanzu yetu, na miaka yetu hamsini na kitu. Tulipofika 6 tuliishika meza.